Tarakimu za Ubavuni: Vipimo vya Matairi ya Magari ya Spoti ya Kale

MG TC ya mwaka 1947 huvaa tairi la 4.50-19. Jaguar E-Type ya 1961 ilitoka kiwandani na 6.40-15, Lancia Aurelia B20 ya miaka ya hamsini na 165-400, na Porsche 911 Carrera RS ya 1973 ilipewa 185/70 VR 15 mbele na 215/60 VR 15 nyuma. Magari haya yametengana kwa miaka isiyofika thelathini, lakini tarakimu zake hazilinganishiki moja kwa moja. Moja imeandikwa kwa inchi, nyingine kwa milimita, nyingine imechanganya vyote viwili. Moja inataja kimo cha ubavu, nyingine imekinyamazia. Kila utaratibu uliandikiwa watu wa wakati wake, ambao hawakuhitaji kuambiwa kile ambacho kila fundi alikijua. Ndiyo maana anayetafuta tairi sahihi la gari la namna hii hulazimika kujua kwanza tarakimu zake zilizaliwa lini na zilichukulia nini kuwa kinajulikana.

Tairi la upepo lilivumbuliwa mara mbili. Robert William Thomson, Mskoti, alipata hati ya ubunifu mwaka 1845, lakini wakati huo hapakuwa na chombo chepesi cha kulihitaji, na ubunifu wake ukasahaulika. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akifanya kazi Belfast, alilibuni upya mwaka 1887 kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Safari hii soko lilikuwepo. Mwaka 1891 ndugu wawili wa Clermont-Ferrand, André na Édouard Michelin, walitoa tairi la baiskeli linaloweza kuvuliwa na kuzibwa pancha barabarani, na mwaka 1895 wakaingiza gari lenye matairi ya upepo katika mashindano ya kutoka Paris hadi Bordeaux na kurudi.

Matairi ya magari ya mwanzo yalikuwa na midomo migumu ya mpira iliyonasa ndani ya mkunjo wa rimu. Kilichoyashikilia ni upepo wenyewe, kwa hiyo yalijazwa hadi yakawa magumu mno, na upepo ukipungua tairi liliweza kuchomoka garini likiwa mwendoni. Kipimo chake kilitaja kipenyo cha nje kwanza, kisha upana. Tairi la 815 x 105 lilikuwa na kipenyo cha milimita 815 kutoka ukingo hadi ukingo na upana wa milimita 105. Ford Model T ilivaa 30 x 3½ nyuma, kwa inchi. Rimu haikutajwa. Mnunuzi alitoa upana mara mbili kwenye kipenyo na kubaki na inchi 23, na hesabu hiyo ilikubali kwa sababu tairi lilikuwa karibu duara kamili likikatwa kwa upande, yaani kimo chake na upana wake vilikaribia kuwa sawa. Dhana hiyo ya usawa ilidumu katika vipimo kwa muda mrefu baada ya matairi yenyewe kuiacha, na ndiyo chanzo cha makosa mengi yanayofanyika dukani hadi leo.

Katika miaka ya ishirini mambo mawili yalibadilika pamoja. Ukingo wa tairi uliwekwa waya wa chuma usionyumbuka, na rimu ikachimbwa bonde katikati ili upande mmoja wa tairi uzame humo wakati upande wa pili unapitishwa juu. Tairi halikutegemea tena upepo mkali ili lishike, na kwa hiyo lingeweza kuwa pana na laini. Matairi haya manene, yaliyoitwa ya puto, yalifika sokoni kuanzia mwaka 1923, Michelin ikiyatoa Ufaransa na Firestone Marekani. Mpangilio wa tarakimu nao ukageuka. Sasa upana ulitangulia, na tarakimu ya pili ikawa kipenyo cha rimu, si cha nje. Kwa muda tairi moja la Ford liliuzwa kwa majina mawili, 29 x 4.40 kwa desturi ya zamani na 4.40-21 kwa desturi mpya. Mwenye gari la miaka hiyo anayekuta namba mbili tofauti katika vitabu viwili huenda anasoma habari za tairi lile lile.

MG TC, iliyotengenezwa kuanzia 1945 hadi 1949, ilirithi umbo la miaka ya thelathini: magurudumu marefu na membamba ya spoku, rimu ya inchi 19, tairi la inchi nne na nusu. Ndilo gari lililowafundisha Wamarekani wengi kupenda magari madogo ya spoti ya Kiingereza baada ya vita. Iliyoifuata, TD, ilishushwa hadi rimu ya inchi 15 na kupewa tairi la 5.50. Hesabu ya haraka ya upana mara mbili pamoja na rimu huonyesha kipenyo kimepungua kutoka takriban inchi 28 hadi 26, na tofauti ya sura ya magari hayo mawili, ambayo wapenzi wa MG huibishania hadi sasa, imo kwa sehemu kubwa katika tarakimu hizo nne.

Matairi yote hayo yalikuwa ya krosiplai. Ndani yake tabaka za nyuzi zilipangwa kimshazari, kila tabaka likikatiza lile la chini yake, kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Muundo huo ulifanya ubavu na kashata, yaani uso wa tairi unaogusa barabara, viwe kitu kimoja. Gari likiinama konani, ubavu ulivuta kashata na kuiinua upande mmoja. Tairi liliserereka mapema lakini taratibu, na dereva mzuri aliweza kuliongoza kwa usukani na mafuta huku likiserereka. Ushughulikiaji wa magari mengi yanayosifiwa ya miaka ya hamsini umejengwa juu ya tabia hiyo. Springi na shokapu zilichaguliwa kwa kulijua tairi la namna hiyo, si jingine.

Wakati huo huo tairi la krosiplai lilikuwa likinywea. Kimo kilichokuwa sawa na upana kilishuka hadi takriban asilimia 95, na kuelekea miaka ya sitini hadi asilimia 88 katika baadhi ya matairi. Hakuna kati ya mabadiliko hayo lililoandikwa ubavuni. Matairi mawili yenye upana na rimu sawa yangeweza kutofautiana kimo, kutegemea yalitoka katika kizazi kipi cha kiwanda.

Mapinduzi yenyewe yalitoka Clermont-Ferrand. Marius Mignol, mfanyakazi wa Michelin aliyeanzia katika uchapaji, alitengeneza tairi la majaribio ambalo ubavu wake ulikuwa na nyaya za chuma zilizotengana, zikitoka moja kwa moja upande mmoja hadi mwingine. Wenzake waliliita kizimba cha nzi. Hati ya ubunifu iliombwa mwezi Juni 1946, na tairi la Michelin X likaingia sokoni mwaka 1949. Nyuzi za ubavu za tairi hili, ambalo aina yake ilikuja kuitwa radiali, zilikwenda wima kwa pembe ya digrii 90, na chini ya kashata ukazungushwa mkanda wa chuma. Ubavu uliweza kunyumbuka bila kuisumbua kashata, ambayo ilibaki imelala barabarani. Tairi lilidumu zaidi, lilipata joto dogo zaidi na lilishika zaidi. Ubaya wake kwa magari ya zamani ulikuwa mmoja. Lilishika hadi mwisho wa uwezo wake, kisha likaachia ghafla.

Michelin ilikuwa mmiliki wa Citroën tangu katikati ya miaka ya thelathini, kwa hiyo radiali ilipata gari la kuanzia. Nchini Italia Lancia Aurelia, iliyozinduliwa mwaka 1950, ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kuundwa kwa kuitegemea, na B20 GT iliyofuata ilivaa 165-400. Tarakimu hii inastahili kutazamwa kwa karibu. Upana ni milimita 165, na rimu ni milimita 400, si inchi. Milimita 400 ni inchi 15 na robo tatu. Tairi la inchi 15 halipandi kwenye rimu hiyo. La inchi 16 linapanda, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu waya wa ukingoni unapwaya kwa zaidi ya milimita sita na hakuna upepo wa kiasi chochote utakaoufanya ushike ipasavyo. Fundi asiyeijua historia ya rimu za milimita anaweza kulivalisha, likaonekana limekaa vizuri gereji, kisha likachomoka kwenye rimu katika kona ya kwanza ya kasi. Kwa mwenye Aurelia, au Citroën ya kipindi hicho, hakuna kipimo mbadala. Ni 400 au kubadilisha rimu zenyewe.

Pirelli ilijibu mwanzoni mwa miaka ya hamsini kwa Cinturato, radiali yenye mkanda wa nyuzi za nguo badala ya chuma. Ilikuwa laini zaidi na iliachia kwa upole zaidi, na viwanda vya Italia vya magari ya kasi viliipenda. Upana uliendelea kuandikwa kwa milimita, lakini rimu za Uingereza, Ujerumani na Marekani zilikuwa za inchi na hazikubadilishwa. Mseto wa aina ya 165 HR 15 ulitokana na hilo, na haujatuacha. Kila tairi la gari dogo linalouzwa leo Kariakoo au Nairobi bado lina upana wa milimita na rimu ya inchi.

Herufi zilizo katikati zilikuja na kasi. R ni radiali. Herufi iliyotangulia ilitaja mwendo ambao tairi liliruhusiwa kuuhimili: S kilomita 180 kwa saa, H 210, na V zaidi ya 210. Siku hizi V ina kikomo cha 240, nayo W ni 270. Kwa hiyo gari lililoandikiwa VR mwaka 1970 na linaloweza kupita 240 linahitaji leo herufi ya juu zaidi ya V, hata kama karatasi zake za kiwanda zinaonyesha V peke yake.

Kilichokosekana katika 165 HR 15 ni kimo. Radiali za kizazi hicho zilikuwa na ubavu wa takriban asilimia 82 ya upana, na kwa kuwa zote zilikuwa hivyo hakuna aliyeona haja ya kuandika. Baadaye zilipokuja za asilimia 70, ndipo mstari mshazari ukaongezwa: 185/70. Tangu hapo kipimo kisicho na mstari huo kina maana ya 82, ambayo viwanda vya leo mara nyingi huiandika kama 80. Anayeona namba 165 na kuchukua tairi lolote la upana huo lililopo rafuni anaweza kuondoka na ubavu mfupi kwa robo nzima.

MGB ni mfano mzuri kwa sababu zimebaki nyingi na karibu kila makosa yamekwisha kufanywa juu yake. Ilizinduliwa mwaka 1962 na tairi la krosiplai la 5.60-14, kisha radiali za 155 au 165 zenye rimu ya inchi 14 zikachukua nafasi yake. Radiali ya 165 R 14 ina kipenyo cha karibu milimita 622. Mtindo ulioenea baadaye ni kuivalisha 185/60 R 14, ambayo ni rahisi kupatikana na ina sura ya kisasa. Kipenyo chake ni milimita 578 tu. Upungufu ni asilimia saba. Mshale wa spidi ukisoma 100, gari linakwenda takriban 93. Injini inazunguka zaidi katika kila gia, jambo linalochosha masikio katika safari ndefu. Gari lenyewe linashuka zaidi ya sentimita mbili, usukani unakuwa mzito wakati wa kuegesha, na nafasi tupu chini ya madigadi inalifanya lionekane limevaa viatu vya mtoto. Isitoshe, rimu ya MGB ya mwanzo ilikuwa na upana wa inchi nne tu, na ile ya spoku nne na nusu, ilhali tairi la 185/60 linataka inchi tano au zaidi. Likibanwa kwenye rimu nyembamba, kashata huvimba katikati na ubavu hulegea, na faida ya upana inapotea. Anayetaka upana kidogo bila kuharibu hesabu hupata nafuu kwa 185/70 R 14, yenye milimita 615, mradi rimu iwe na upana wa kutosha.

Porsche 911 inaonyesha upande wa pili wa historia hii, pale kiwanda chenyewe kilipolazimika kujifunza. Mwaka 1964 gari lilitoka na tairi la 165 HR 15 kwenye rimu ya inchi nne na nusu, sawa magurudumu yote manne, ingawa injini nzito ilikuwa nyuma ya ekseli. Konani mkia ulitaka kutangulia. Wahandisi wa Stuttgart walijaribu hata kuficha vyuma vya uzito wa kilo 11 kila kimoja katika bampa ya mbele. Kwa matoleo ya 1969 waliurefusha umbali kati ya ekseli kwa milimita 57, na rimu na matairi yakaendelea kupanuka, yakifika 185/70 kwenye rimu za inchi sita katika 911 S. Hatua kubwa ilikuwa Carrera RS ya 1973. Gurudumu la nyuma lilipewa rimu ya inchi saba na tairi la 215/60, la mbele likabaki na inchi sita na 185/70, na bodi ikapanuliwa nyuma ili kulifunika.

Hesabu ya vipimo hivyo viwili inafaa kufanywa kwa mkono. Asilimia 70 ya 185 ni milimita 129.5. Ikizidishwa kwa mbili na kuongezwa milimita 381 za rimu ya inchi 15, jumla ni 640. Asilimia 60 ya 215 ni 129, na jumla ni 639. Upana umeongezeka milimita 30, lakini kipenyo cha mbele na cha nyuma kimebaki kile kile. Gia, difu na mshale wa spidi havikuguswa, na tairi la akiba moja liliweza kuwa na kimo cha kufaa pande zote. Hapa ndipo namba ya kimo inapoonyesha thamani yake, kwa kuwa bila hiyo upana usingeweza kuongezwa bila tairi kurefuka.

Radiali ya Pirelli P7 ilishusha kimo hadi asilimia 50 katikati ya miaka ya sabini. Kwenye 911 Turbo ya inchi 15 tairi la nyuma la 225/50 lilikuwa na kipenyo cha milimita 606, pungufu waziwazi kwa lile la RS. Rimu za inchi 16 zilipofuata, 205/55 mbele na 225/50 nyuma zilirudisha kipenyo hadi karibu 632 kwa 631. Kanuni iliyoongoza magari yote baada ya hapo imo katika hatua hiyo moja: ubavu ukifupishwa, rimu hukua ili kipenyo kibaki palepale.

Marekani ilishika njia yake. Kuanzia mwisho wa miaka ya sitini herufi ya kwanza ilitaja uwezo wa kubeba uzito, kisha kimo na rimu. Corvette ya 1968 ilivaa F70-15, na Jaguar E-Type ya silinda 12, iliyolenga soko hilo, ikapewa E70 VR 15 mwaka 1971. Mwenye gari hilo leo hununua 205/70 R 15. Kwa E-Type za mwanzo, zilizohama kutoka 6.40-15 kwenda radiali ya 185 R 15, kipimo hicho hicho cha 205/70 kina kipenyo cha 668, kinachokaribia sana 185 R 15, na ndicho kinachokubalika pale ya asili isipopatikana.

Afrika Mashariki ilijifunza thamani ya ubavu mrefu kwa vitendo. Datsun 240Z iliyoshinda East African Safari mwaka 1971 na 1973 iliuzwa madukani na radiali ya 175 kwenye rimu ya inchi 14, tairi lenye mpira mwingi kati ya barabara na chuma. Katika East African Safari Classic, iliyoanza mwaka 2003, 911 za zamani ndizo zinazotamba, na Björn Waldegård alishinda ya 2011 akiwa na moja. Kwenye mawe na mashimo ya barabara za Kenya na Tanzania, ubavu wa asilimia 50 ungeacha rimu zimepinda kabla ya jua kuzama. Mwenye gari la kale anayeishi Arusha au Nakuru ana sababu nzuri ya kubaki na kimo cha kiwandani hata kama kile kifupi kinapendeza macho.

Baada ya kipimo kuna mambo matatu ambayo tarakimu kuu hazisemi. La kwanza ni kuchanganya. Radiali na krosiplai havikai kwenye ekseli moja, na ikibidi gari liwe na aina zote mbili, radiali huwekwa nyuma. Zikiwa mbele, pua inashika huku mkia ukiserereka, na gari linageuka lenyewe. La pili ni tyubu. Rimu za spoku hupitisha upepo kwenye matundu ya spoku, hivyo nyingi zinahitaji tyubu na utepe wa kufunika vichwa vya spoku, hata tairi likiwa limeandikwa halihitaji tyubu. Ubavu wa ndani wa tairi husika uwe laini, kwa sababu mistari iliyoinuka ndani husugua tyubu hadi itoboke.

La tatu ni umri. Gari la spoti la kale hukaa zaidi kuliko linavyokwenda, kwa hiyo tairi lake huzeeka kabla ya kuwa kipara. Kashata inaweza kuwa nzima huku mpira umekauka, umepasuka nyufa ndogo ubavuni na hauna mshiko kwenye lami yenye maji. Tangu mwaka 2000 tarehe ya kutengenezwa huandikwa kwa tarakimu nne mwishoni mwa namba inayoanza na DOT: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tarakimu tatu ni za kabla ya 2000, na tairi lenye alama hiyo, hata likiwa halijawahi kugusa barabara, halifai tena kuendeshwa. Pirelli, Michelin na watengenezaji wachache wadogo wanazalisha upya matairi ya vipimo vingi vilivyotajwa hapa, yakiwemo Cinturato na P7, kwa kashata za zamani na mpira mpya, na bei yake ni kubwa kwa sababu yanatengenezwa machache.